Samaki gani wakae pamoja kwenye tangi dogo? Jibu kwa watoto wa shule moja ya Baraka

Kuna watu Ujerumani, Japani na Marekani ambao hawajawahi kusikia jina la Fizi, lakini Kiriza wanaijua. Wanaijua pia Pemba, hiyo yetu ya barabara ya Uvira, ingawa wao huiandika Bemba, na wanaijua Caramba ya Ubwari. Majina hayo yamewafikia kwa sababu ya samaki. Samaki mweusi mwenye mshipi wa manjano anauzwa huko kwa jina la Kiriza. Ndugu yake mwenye mshipi wa rangi ya chungwa anauzwa kwa jina la Bemba. Wanawekwa ndani ya tangi la kioo sebuleni, na mtu mzima anakaa kwenye kiti akiwatazama jioni nzima bila wazo la kuwapika.

Mkiwacheka, mcheke taratibu, maana sasa tangi kama hilo liko hapa Baraka.

Mwalimu mmoja aliyekimbia vita kutoka bonde la Ruzizi, ambaye sasa anaishi kwenye familia ya mapokezi mjini hapa, alipata vioo vya kabati la duka lililofungwa. Akaviunganisha kwa gundi, akapata sanduku la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hesabu yake ni lita 54, yaani chini kidogo ya bidoni tatu za njano, na ukishaweka mchanga na mawe maji yanapungua tena. Akaliweka mbele ya darasa lake. Watoto anaofundisha ni mchanganyiko: wa hapa hapa Baraka, wa Ruzizi, wa Uvira, na wa milimani ambao wengine walikuwa hawajawahi kuona samaki akiwa hai chini ya maji. Kila mtoto alitaka kuleta wake. Kijana mmoja mwenye mtumbwi wa Ubwari akaleta wengine ndani ya bidoni. Wakafika 17, wa kila rangi na kila umbo. Siku ya tisa walikuwa wamebaki wawili.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kuwafariji watoto. Hakuwa amejiandaa kwa maneno ya msichana mmoja wa darasa la tano, aliyesema kwamba samaki wameuana kwa sababu ni wa makabila mbalimbali, na makabila mbalimbali hayawezi kukaa nyumba moja. Darasa zima likanyamaza, mwalimu naye akanyamaza. Jioni akaja kwangu akaniomba nilijibu swali hilo redioni na hapa kwenye maandishi, ila nisijibu kwa methali, maana methali watoto hawa wamezisikia za kutosha tangu waanze kukimbia.

Basi sikutafuta methali. Nilikwenda Lusenda, kwenye kambi ya ndugu zetu wakimbizi wa Burundi, kumwona mzee mmoja ambaye ujana wake wote alizamia majini akikamata samaki wa mapambo waliosafirishwa kutoka Bujumbura. Kazi hiyo ilianza huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mtu aliyeikuza ni Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye mwaka 1978 alitoa kitabu kizima juu ya samaki wa ziwa letu. Mzee wa Lusenda hakusoma kitabu hicho, lakini amewashika kwa mkono karibu samaki wote waliomo.

Nilipomweleza maneno ya yule mtoto alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: ndani ya lile tangi, samaki aliyeshindwa alikimbilia wapi?

Hapo ndipo penye jibu. Tanganyika ina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina kinachokaribia mita 1,470. Kuna aina zipatazo 250 za samaki wa jamaa moja, ile inayoitwa sikilidi, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Ukizamia kwenye mawe ya Ubwari, katika eneo dogo kama uwanja wa mpira, utakuta aina kadhaa wa kadhaa wakiishi jirani kabisa. Mmoja anakwangua mwani juu ya jiwe, mwingine anaishi ndani ya ufa wa jiwe hilo hilo, mwingine yuko mchangani chini yake, na wengine wanaelea juu kwa makundi. Wanagombana kila siku. Lakini aliyeshindwa anapiga mkia mara tatu tu, anafika kwenye jiwe lingine, ugomvi umekwisha. Ndani ya sanduku la sentimita 60 anapiga mkia mara tatu na kugonga kioo. Anageuka, na aliyemfukuza bado yuko nyuma yake. Hafi kwa jeraha peke yake. Anakufa kwa kukimbizwa kutwa nzima bila kula.

Kwa hiyo, binti yangu, hapana. Hao walikuwa majirani ziwani. Ni kioo kilichowafanya washindwe kuachana.

Tena kuna jambo ambalo mzee alilisisitiza, nami nalirudia kwa sauti: ugomvi mkali zaidi si kati ya aina tofauti. Ni kati ya wanaofanana. Dume la mshipi wa manjano halimjali sana samaki wa mchangani ambaye hali chakula chake wala halali mahali pake. Anayemtia hasira ni dume mwenzake mwenye mshipi uleule, anayetaka jiwe lilelile, mwani uleule na majike walewale. Ndiyo maana wafugaji wa ng'ambo wakitaka kuweka hao wa Kiriza hutafuta tangi la lita mia kadhaa na kuwaweka kundi la 15 au 20 kwa pamoja, ili hasira igawanyike na asipatikane mmoja wa kuonewa. Ukiweka watatu kwenye lita 54, mmoja atatawala, wa pili atakufa wiki ya kwanza, wa tatu wiki ya pili. Darasani ilikuwa karibu hivyo hivyo.

Tuwaache watoto wapumzike kidogo na swali lao, niwaeleze kidogo juu ya hao samaki wenyewe, maana naona wengi tunawala bila kuwafahamu.

Huyu wa mshipi wanasayansi wanamwita Tropheus. Ni mla mwani. Utumbo wake ni mrefu, umetengenezwa kwa majani, na ukimpa chakula cha nyama au dagaa wa kusagwa anavimba tumbo na kufa. Watoto walikuwa wakiwapa samaki wote ndakala waliosagwa, kwa wema kabisa, wakidhani chakula cha mmoja ni chakula cha wote. Hata wangepatana kwa tabia, sahani ingewatenganisha. Hapo ndipo watu wengi wanaochagua samaki wa kukaa pamoja hukosea: wanauliza nani mkali na nani mpole, hawaulizi nani anakula nini.

Kisha yuko mrefu mwembamba mwenye michoro myeusi juu ya manjano, anayekaa ndani ya nyufa na kuogelea hata kichwa chini akifuata ukuta wa jiwe. Aina yake mojawapo inaitwa Julidochromis marlieri. Ilipewa jina hilo mwaka 1956 kwa heshima ya Georges Marlier, aliyekuwa akifanya utafiti kwenye kituo cha Uvira, na anajulikana kutoka mawe ya Makobola. Ndiyo, Makobola, jina ambalo sisi tunalitaja kwa sauti ya chini tangu mwisho wa mwaka 1998. Huyu anaishi wawili wawili, mke na mume, na akishapata ufa wake haondoki. Anaweza kuvumilia majirani, mradi kila mmoja awe na jiwe lake. Lakini marlieri hufika sentimita 13 hivi, na tangi letu ni dogo kwake.

Wale weupe wenye mkia wa ncha mbili ndefu wanaitwa jina la Brichard huyo huyo niliyemtaja. Mzee alicheka nilipomwambia kwamba walikuwemo wawili. Hawa ni watu wa ukoo. Watoto wakubwa hawaondoki nyumbani. Wanabaki kulinda wadogo zao, kupepea mayai na kufukuza adui. Jambo zuri sana ziwani. Ndani ya tangi dogo, jozi moja inazaa, watoto wanabaki, wanazaa tena, na baada ya miezi michache ukoo umechukua tangi lote na mgeni yeyote amebanwa kwenye kona ya juu karibu na uso wa maji. Ukiwataka, wawe peke yao.

Mwingine ambaye watoto walimleta bila kumjua ni mla magamba, Perissodus. Kwa macho ni samaki wa kawaida wa fedha. Chakula chake ni magamba anayoyanyofoa ubavuni mwa wenzake. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto. Wa mdomo wa kulia hushambulia ubavu mmoja, wa kushoto ubavu wa pili. Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba pande hizo mbili hubadilishana wingi ziwani: wakizidi wa kulia, samaki wengine hujilinda upande huo, na wa kushoto wanaanza kushiba. Nilipoyasoma hayo niliacha chakula kwenye sahani nikakaa nikifikiri. Huyo hana tangi la kuchangia na mtu, dogo wala kubwa.

Wa mwisho nimtaje ni mtoto wa kuhe. Akiwa na urefu wa kidole anapendeza. Lakini kuhe ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote wa ziwa letu, hufika sentimita 60 na zaidi, urefu wa tangi zima la mwalimu. Huyo hata usimfikirie.

Sasa jibu la kazi. Kwenye lita 54, aina gani wanaweza kukaa pamoja?

Mzee wa Lusenda alisema: aina moja. Nilimbembeleza aongeze ya pili, kwa sababu nilijua watoto watahuzunika, akakataa. Na baada ya kumsikiliza nakubaliana naye. Kwenye tangi la mara mbili ya hilo unaweza kuweka mawe upande mmoja kwa jozi ya wakaa-nyufa wadogo, na mchanga upande wa pili kwa wakaa-makombe, nao hawataingiliana sana. Kwenye sanduku la darasani mpaka huo haupo, mawe na mchanga vinagusana.

Aina aliyoichagua ni wakaa-makombe. Wavuvi wa nyavu za kuvuta mnawafahamu, hata kama mnawatupa: samaki wadogo wa sentimita tano hivi, wanaotoka ndani ya nyumba tupu za konokono mkubwa wa ziwani mnapozimwaga mchangani. Konokono huyo, Neothauma, yupo Tanganyika tu. Akifa, kombe lake linabaki chini miaka mingi, na samaki anahamia. Aina iitwayo Neolamprologus brevis, inayopatikana sehemu nyingi za ziwa hata kaskazini, mke na mume wanaweza kukaa ndani ya kombe moja. Hatari ikija wanaingia wote wawili, na usipokuwa makini utadhani tangi ni tupu.

Waanze wanne au watano, na kila mmoja apate makombe mawili au matatu, ili anayefukuzwa awe na mlango wa kuingia. Hilo la makombe ya ziada ndilo jambo kubwa. Samaki hawa nao hugombana, msidanganyike, lakini nyumba zikizidi wenyeji ugomvi unaisha mapema. Mchanga uwe wa sentimita tano au zaidi, kwa sababu wanachimba na kulifukia kombe hadi ubaki mdomo wake. Watoto watapenda kutazama hilo kuliko rangi yoyote.

Msichukue wale ambao dume lao ni kubwa, linalokusanya makombe kwa mdomo na kuyarundika, la aina iitwayo callipterus. Dume hilo lina uzito wa mara kumi na zaidi ya jike lake. Majike yanaingia kwenye makombe, lenyewe haliwezi. Ni ajabu ya kutazama ziwani, lakini kwenye tangi dogo litahamisha nyumba za watu wote kila asubuhi.

Chakula ni rahisi kuliko mnavyodhani. Viluwiluwi vya mbu, kidogo kidogo, mara moja kwa siku. Watoto wataokota kwenye makopo na matairi yenye maji ya mvua, na kila kiluwiluwi kinacholiwa ni mbu mmoja asiyetuuma usiku. Ila kuweni waangalifu: msifuge maji machafu makusudi ili mpate viluwiluwi. Mwagilieni mbali kila kopo mkishaokota.

Maji yana habari yake. Ya ziwa letu ni mazito kwa chumvi za mawe, na wapimaji wanayakuta karibu na 9 kwenye kipimo cha uchachu, mbali upande usio mchachu. Maji ya mvua na ya vijito vya milimani ni mepesi. Samaki wa Tanganyika ukiwatia humo ghafla wanadhoofika. Kwa hiyo bidoni ya tangi ichotwe ziwani, mahali penye mawimbi na mbali na matete, kwa sababu ya kichocho na ya mamba. Mtu mzima ndiye achote, si mtoto. Umeme hatuna wa kuaminika, mashine ya kupuliza hewa haipo. Ndiyo sababu nyingine ya samaki wachache. Robo ya maji ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na mchanga usisuguliwe kila mara, maana ndani yake kuna vijidudu visivyoonekana vinavyosafisha uchafu wa samaki, navyo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Tangi jipya la darasani halikuwa limefikisha hata wiki mbili. Hata samaki watulivu wangeumwa.

Na hapa naomba kila mzazi asikilize. Watu wanaotugawia maji kwenye bomba na kwenye vituo vya wakimbizi wa ndani wanatia klorini kwa sababu ya kipindupindu, ugonjwa ambao Baraka na Fizi tumeuzoea kupita kiasi. Klorini hiyo inaua samaki. Nimesikia mtoto mmoja akimwomba mama yake maji yasitiwe dawa ili samaki wasife. Hapana. Maji ya watu yatiwe dawa daima. Kama ziwa liko mbali na hamna maji mengine kabisa, ndoo ya tangi iachwe wazi siku nzima au mbili dawa itoke, na ndoo hiyo isitumike kwa kunywa wala kupikia. Mkitoka kushika tangi, mikono kwa sabuni.

Jambo jingine ni vyandarua. Kuna watoto waliovua samaki wa darasa kwa chandarua walichogawiwa kujikinga na malaria. Chandarua kina dawa, na matundu yake hayabakizi hata kifaranga cha samaki. Wakaa-makombe hawahitaji chandarua. Unaokota kombe likiwa na mwenyewe ndani, unaliweka kwenye ndoo ya maji, basi.

Nilimuuliza mzee kama watoto wakichoka wanaweza kumwaga samaki popote ufukweni. Akakunja uso. Kila kipande cha mawe, alisema, kina rangi yake kwa sababu samaki hao hawavuki ghuba la mchanga: wa Pemba hafiki Kiriza, wa Kiriza hafiki Pemba. Ukimwaga mmoja kwa mwenzake watazaana, na mshipi ulioanza kabla ya babu zetu utachafuka kwa siku moja. Tena usilete wa nje kabisa. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi sana za samaki wadogo wa huko zikatoweka. Hata sambaza wanaolisha Goma na Bukavu walitoka hapa Tanganyika, wakapelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, na mwaka 2006 ikaonekana kuna samaki wetu mwingine kule ambaye hakualikwa na mtu. Mara nyingine jambo linageuka chakula, mara nyingine hasara, na hakuna anayejua mapema.

Basi wale wawili waliobaki darasani, madume mawili ya mshipi wa manjano, kwa sasa kila mmoja yuko kwenye ndoo yake, na watoto wanawapa jiwe jipya lenye mwani kila asubuhi. Kijana wa mtumbwi amekubali kuwarudisha Kiriza, kwenye mawe yale yale alikowatoa, siku ya soko ijayo. Anadai bidoni mpya, kwa sababu ile ya kwanza mama yake ameshaitia mafuta ya mawese.